Televisheni kubwa ndani ya saloni ndogo: wakaaji wa Likasi wapime ukuta, umeme na mfuko kabla ya kutoa makuta

LIKASI – Kila mara likelemba inapofika zamu ya mtu, kila mara mshahara uliochelewa unapoingia, na kila mara Leopards wanapokaribia kucheza mechi kubwa, swali moja linarudi ndani ya parseli nyingi za Kikula, Panda, Shituru na za komine ya Likasi yenyewe: sasa tununue televisheni gani? Baba anataka kubwa. Watoto wanataka kubwa kuliko ile ya jirani. Mama anauliza kwanza bei, halafu anauliza kama feza ya masomo itabaki.

Wana haki ya kutaka kubwa. Hapa Likasi televisheni haiangaliwi na baba na mama peke yao. Inaangaliwa na jamaa nzima, na wapangaji wa nyumba ya nyuma, na watoto wa jirani ambao wamesimama dirishani. Tarehe 7 Februari 2024, Leopards walipocheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire kule Abidjan, wachezaji walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umefunika kinywa, vidole viwili vya mkono mwingine vimeelekezwa kwenye kichwa kama bunduki. Walitaka dunia ione mauaji ya mashariki ya Kongo ambayo watu wanayanyamazia. Mwenye kukaa nyuma ya watu ishirini mbele ya kioo cha inchi 24 aliona tu watu wadogo wamesimama kwenye mstari. Ilibidi wale wa mbele wamweleze.

Kwa hiyo kutaka kioo kikubwa si kosa. Kosa linakuja pale mtu anaposikia maneno mawili pamoja, "kubwa" na "bei rahisi", akatoa makuta bila kuuliza neno la tatu. Leo mwenye mfuko mdogo anaonyeshwa njia tatu: projekta ndogo ya kichina ambayo inaahidi sinema kwenye ukuta, televisheni kubwa ya okazioni kutoka Ulaya au Dubai, na televisheni mpya ya LED ya ukubwa wa kati. Kwa nyumba nyingi za mji huu, jibu la akili ni lile la tatu, hata kama ndilo lisilopendeza macho siku ya kwanza. Sababu ziko tatu: saloni yenyewe, umeme, na kile kinachobaki mfukoni baada ya kununua.

Kioo kipimwe na saloni

Watu wanasema inchi kama vile wanasema kilo za unga: zikiwa nyingi, ni vizuri zaidi. Lakini inchi, zile ambazo kwenye kartoni zinaandikwa "pouces", zinapima kioo kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari. Inchi 32 ni kioo chenye upana wa sentimita 71 hivi. Inchi 43 ni upana wa sentimita 95. Inchi 55 ni sentimita 122, yaani zaidi ya mita moja. Tofauti kati ya 32 na 55 inaonekana ndogo kwenye hesabu, lakini eneo la picha linakuwa karibu mara tatu.

Nyumba nyingi za makambi ambazo Union Minière na baadaye Gécamines walijengea wafanyakazi hazikujengwa kwa ajili ya kioo cha mita moja na zaidi. Chukua saloni ya mita tatu kwa nne, yenye viti vilivyosogezwa ukutani, kabati ya vyombo na meza katikati. Kati ya macho na ukuta wa mbele kunabaki mita mbili na nusu, labda tatu. Kawaida nzuri ni kukaa mbali na kioo mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu ya urefu wa ule mshazari. Kwa inchi 43, ambazo mshazari wake ni sentimita 109, hiyo ni kati ya mita 1.6 na mita 2.7. Saloni hiyo inaenea vizuri. Inchi 50 bado inaweza kukaa. Kwa inchi 55, wale watakaosogea karibu sana na kioo watakuwa wanazungusha shingo kama watu wanaotazama mpira wa tenisi.

Mita ya fundi seremala haina bei kubwa. Kabla ya kwenda dukani, baba apime ukuta, apime umbali kutoka kiti hadi ukuta, aandike kwenye karatasi. Mwenye kwenda bila kipimo atanunua kwa macho, na dukani kila kioo kinaonekana kidogo kwa sababu kimewekwa pembeni ya kingine kikubwa zaidi.

Umeme ndio bwana wa nyumba

Likasi ni mji ambao uko karibu na mabwawa. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza kutoa umeme tangu karibu na mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Baada ya kurekebishwa ilirudi kwenye mtandao mwaka 2021, ikiwa na uwezo wa megawati karibu 78. Koni iko pale chini kwenye mto uleule. Watoto wa Likasi wanajifunza majina hayo shuleni. Lakini watoto haohao wanajua pia delestaji ni nini, wanajua taa inayowaka nyekundu kama mshumaa saa moja ya jioni, na wanajua mlio wa friji inayohangaika kuanza. Kuishi karibu na bwawa si sawa na kuwa na umeme kwenye prizi.

Ndiyo maana neno la tatu ambalo mnunuzi anapaswa kuuliza ni wati. Kioo kinakula umeme kiasi gani? Televisheni ya LED ya inchi 43 inakula wati 70 hivi. Plazma ya zamani ya inchi 42 inaweza kufika wati 250. Projekta ya taa ya kawaida, ile ya ofisini, nayo inafika 250 hadi 300.

Hesabu hii inakuwa na maana usiku ule ambapo umeme umeondoka na jamaa inategemea batri na pano ya jua. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Lakini batri ya risasi isimalizwe. Ukitumia zaidi ya nusu yake kila siku unaiua. Kunabaki 600. Konvertiseri nayo inakula sehemu yake, kunabaki karibu 500. Televisheni ya wati 70 pamoja na dekoderi ya wati 15 itaangaliwa karibu saa sita. Plazma pamoja na dekoderi hiyohiyo haitamaliza saa mbili: mechi ikiingia kwenye dakika za nyongeza, jamaa itasikia matokeo kwa kelele za jirani.

Jambo la pili ni volti. Nyuma ya kila chombo kuna kibandiko. Kama kimeandikwa 100–240V, chombo hicho kinavumilia umeme ukishuka. Kama kimeandikwa 220–240V tu, umeme ukishuka sana hakitawaka au kitajizima kila mara. Mnunuzi akiwa na vyombo viwili vya bei moja, kibandiko hiki peke yake kinatosha kuchagua.

Na kuna jambo la tatu ambalo mafundi wa tele hawachoki kulirudilia: chombo hakifi umeme unapoondoka, kinakufa umeme unaporudi. Unarudi kwa nguvu, unapanda, unashuka, halafu unatulia. Kwa hiyo stabilizateri si mapambo ya kununua mwaka ujao. Inunuliwe siku moja na televisheni, kwenye bajeti moja. Na umeme ukiondoka, mtu aondoe waya kwenye prizi, umeme ukirudi asubiri dakika tano. Wakati wa mvua, radi ikianza kupiga, aondoe pia waya wa parabole, kwa sababu radi haijali njia ya kuingilia.

Projekta: sinema kwenye ukuta, lakini ukuta gani, na saa ngapi?

Maneno ya muuzaji yanajulikana.

"Papa, njo hii ya muzuri. Iko na lumene elfu kumi. Ikiwaka, kibambazi muzima inakuwa sinema."

"Yaya, washa basi minaone."

"Courant haiko sasa, papa. Lakini usiogope, iko mupya, iko mu kartoni yake."

Hapo ndipo makuta yanapotea. Lumene ni kipimo cha mwanga ambao projekta inatoa. Kuna lumene za ANSI, ambazo fundi anazipima kwenye sehemu tisa za picha nyeupe halafu anachukua wastani. Na kuna lumene za kartoni, ambazo hazipimwi na mtu yeyote, zinaandikwa tu. Projekta ndogo ya bei rahisi iliyoandikwa 10,000 mara nyingi haifiki hata 200 za ANSI. Kama kwenye kartoni hakuna neno ANSI wala ISO karibu na hesabu, hesabu hiyo ni ya kupendezesha kartoni.

Tuseme projekta inatoa lumene 150 za kweli, na mtu anataka picha ya inchi 100 kama alivyoahidiwa. Picha hiyo ina upana wa mita 2.2 na urefu wa mita 1.25. Ule mwanga mdogo unagawanywa juu ya ukuta wote huo, kama kikombe kimoja cha mafuta kwenye sufuria ya watu hamsini. Kila sehemu ya picha itakuwa na mwanga mdogo mara kumi na tano hivi kuliko kioo cha televisheni ya kawaida. Usiku, ndani ya chumba chenye giza, macho yanazoea na picha inapendeza. Saa tisa za mchana, dirisha likiwa wazi na mlango ukifunguliwa kila dakika na watoto, hakuna picha. Kuna kivuli cha picha. Na mechi nyingi, misa ya televisheni na filamu za watoto zinaangaliwa mchana.

Mtego mwingine uko kwenye maneno "inapokea 1080p". Kupokea si kuonyesha. Projekta nyingi ndogo zinapokea picha safi halafu zinaiponda ndani ya nukta 800 kwa 480. Neno la kutafuta ni "native resolution", "résolution native" kwa kifaransa: ndiyo idadi ya nukta ambazo chombo kinazo kweli. Chini ya 1280 kwa 720, mtu atasoma kwa shida hesabu ya magoli na maandishi ya tafsiri chini ya filamu.

Halafu kuna vumbi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, Likasi haina mvua; udongo mwekundu unapanda na malori, unaingia chini ya milango. Projekta ina feni ambayo inavuta hewa ili kupoza taa. Zile za bei rahisi hazikufungwa vizuri ndani, kwa hiyo vumbi linakaa kwenye kioo kidogo cha ndani, na kila chembe inakuwa doa kubwa ukutani. Baada ya kiangazi kimoja, kila mchezaji anacheza na madoa usoni.

Na zile projekta nzuri za ofisini, za okazioni, zenye mwanga wa kweli? Hizo zina taa ambayo maisha yake yanahesabiwa kwa saa, mara nyingi 3,000 hadi 5,000. Kwa saa nne kila usiku, saa 3,000 zinaisha baada ya miaka miwili na kidogo, na hiyo ni kama taa ilikuwa mpya siku ya kununua. Taa hiyo inataka feni iendelee kuzunguka dakika chache baada ya kuzima. Delestaji haiombi ruhusa: umeme unaondoka, feni inasimama, taa imebaki na moto wake wote. Ikitokea mara nyingi, taa inakufa kabla ya siku zake. Bei ya taa mpya inaweza kukaribia bei ambayo projekta yenyewe ilinunuliwa, na hata kuipata ni safari ya Lubumbashi au ya mtu anayetoka nje ya nchi.

Je, projekta haina kazi Likasi? Ina kazi kubwa, lakini si ndani ya saloni. Kanisa, shule, shirika la vijana, parseli ambayo inafanya matanga au ndoa usiku: pale giza lipo, watu ni wengi, na jenereta inawashwa kwa saa chache tu. Vijana ambao wanataka kufungua chumba cha kuonyesha mechi kwa malipo kidogo wana sababu ya kununua projekta ya kweli, yenye lumene 2,500 za ANSI au zaidi, kwa sababu inarudisha makuta. Jamaa ya watu saba haina sababu hiyo.

Makubwa ya zamani

Njia ya pili ni okazioni. Zinafika na kontena kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, zinapanda Lubumbashi, halafu zinafanya zile kilomita 120 mpaka Likasi. Okazioni si matusi. Nyumba nyingi hapa zilijengwa na vitu vya okazioni na vinafanya kazi mpaka leo. Lakini kuna aina mbili ambazo mnunuzi aziache, hata akipewa kwa bei ya viatu.

Ya kwanza ni ile televisheni nene kama kabati, ambayo ina projekta yake ndani na inaangaza kioo kutoka nyuma. Miaka ya 2000 ilikuwa fahari ya matajiri, kwa sababu ndiyo iliyotoa inchi 50 na 60 kabla ya vioo vyembamba kushuka bei. Kampuni kubwa ya mwisho kuitengeneza, Mitsubishi, iliacha mwisho wa mwaka 2012. Tangu hapo inaangaliwa ikizeeka. Ina taa ileile ambayo inakufa, inajaza nusu ya saloni, na mtu akikaa pembeni haoni kitu.

Ya pili ni plazma. Picha yake ilikuwa nzuri sana, na wenye kuipenda hawadanganyi. Lakini Panasonic ilifunga kazi ya plazma mwisho wa 2013, na Samsung na LG zikafuata. Kwa hiyo plazma yoyote inayouzwa leo imeshafanya kazi zaidi ya miaka kumi kwa mtu mwingine, na inakula wati za nyumba tatu.

LED ya okazioni ni habari nyingine. Inaweza kuwa nzuri kuliko mpya ya jina lisilojulikana, kama imewashwa mbele ya macho ya mnunuzi na ikakaa ikiwaka nusu saa. Kioo chenye mstari mmoja mwembamba leo kitakuwa na mistari mitano kesho kutwa. Hakuna fundi wa kuurekebisha mstari kwa bei ya akili, kwa sababu kioo peke yake ndicho karibu televisheni nzima.

4K, smart, na makuta ya bure

Maneno mawili yanapandisha bei bila kuongeza raha kubwa. La kwanza ni 4K. Kwenye kioo cha inchi 43 chenye nukta za kawaida za 1080p, mtu mwenye macho mazuri akikaa zaidi ya mita 1.7 hawezi tena kutofautisha nukta moja na nyingine. Katika saloni ya mita mbili na nusu, 4K inalipiwa lakini haionekani. Tena chaneli nyingi ambazo dekoderi inaleta hazifiki huko. Kama bei ni sawa, achukue. Kama inaongezwa, akatae.

La pili ni smart. Televisheni smart bila intaneti ni televisheni tu. Na intaneti ya simu hapa inanunuliwa kwa mega zinazohesabiwa: filamu ya picha safi inaweza kumeza gigabaiti tatu kwa saa moja. Nyumba isiyo na intaneti ya kudumu itatumia uwezo huo siku ya kwanza, ikionyesha wageni, halafu basi. Bora mnunuzi aangalie mambo madogo: tundu za HDMI mbili, tundu ya USB ambayo inasoma filamu, na maandishi T2 na S2. Yenye S2 inaweza kunasa kwa parabole chaneli za satelaiti ambazo ni za bure, bila dekoderi na bila abonema. Mwezi ambao makuta ya abonema hayakupatikana, watoto hawatakaa mbele ya kioo cheusi.

Mbele ya duka

Mnunuzi mwenye akili haoni haya kusumbua. Anaomba chombo kiwashwe. Kama umeme haupo, anarudi kesho au muuzaji anawasha jenereta. Anaangalia kioo kikiwa cheupe chote, kisha cheusi chote, akitafuta madoa na mistari. Anapandisha sauti mpaka juu ili asikie kama inapasuka. Anachomeka USB yake mwenyewe, yenye filamu ambayo anaijua. Anasoma jina la kampuni herufi kwa herufi, kwa sababu kuna kartoni ambazo zimebadilisha herufi moja tu ili zifanane na jina kubwa. Analinganisha namba iliyo kwenye kartoni na ile iliyo nyuma ya chombo.

Halafu anaomba fakture yenye jina la duka, tarehe, namba ya chombo na garanti iliyoandikwa. Garanti ya mdomo inaisha pale mlangoni. Na kwenye njia ya kurudi nyumbani, televisheni isafiri imesimama kama mtu, isilazwe chini kama godoro. Barabara yenye mashimo inavunja kioo kilicholazwa hata kama kartoni haina alama yoyote.

Wauzaji nao wana kazi yao. Wengi ni watu wa haki wanaojipanga kwa shida, na hesabu ya uongo kwenye kartoni hawakuiandika wao. Lakini wanaijua. Muuzaji ambaye anamwambia mteja wazi "hii ni ya usiku tu" atapoteza mauzo moja na kupata jamaa nzima. Kwenye mji ambapo watu wanajuana kwa kanisa, kwa shule na kwa kambi, jina zuri linauza kuliko lumene elfu kumi. Na Office Congolais de Contrôle, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia, ingefanya vizuri kuangalia pia kama kilichoandikwa kwenye kartoni kinapatikana ndani yake.

Hesabu ya mwezi wa tisa

Kuna wanaosema: mambo haya yote ni ya matajiri, maskini anachukua kile anachoweza, na projekta ya bei ya chini ni bora kuliko kukosa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hesabu yake haikamiliki. Juu ya bei ya projekta kuna spika, kwa sababu sauti yake ni ya simu. Kuna shuka nyeupe au rangi ya ukuta. Kuna ralonji, kuna kitu cha kuleta picha, kuna mapazia mazito ya madirisha. Mwisho wa mwaka, makuta yaliyotoka kidogo kidogo yanakaribia yale ya televisheni ya inchi 40 au 43, na ukutani kuna madoa ya vumbi. Maskini ndiye ambaye hana haki ya kukosea mara mbili, kwa sababu mara ya pili hakuna likelemba nyingine.

Chukua jamaa moja ya Kikula: baba dereva, mama muuzaji wa unga, watoto watano, wawili wako sekondari. Wameweka dola 300 mwezi wa saba. Wanaweza kuzitoa zote kwa kioo cha inchi 55 kisicho na garanti, bila stabilizateri, na mwezi wa tisa watoto wawili warudishwe nyumbani kwa sababu ya feza ya shule. Elimu ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari bado inalipwa, na yunifomu na madaftari havikuwahi kuwa bure. Au wanaweza kuchukua kioo cha 40 au hata 32 kizuri, stabilizateri pembeni yake, fakture ndani ya kabati, na kiasi kilichobaki kikae kwenye bahasha ya masomo. Watoto wataona picha ndogo kidogo. Lakini wataiona wakiwa wametoka darasani.

Na kwa zile siku kubwa, siku za Leopards au za Mazembe, kuna njia ambayo wazee wa makambi waliijua kabla ya inchi kuanza kuhesabiwa. Watu wanakusanyika. Tarehe 18 Desemba 2010, Mazembe walipocheza fainali ya dunia ya vilabu na Inter Milan kule Abu Dhabi na kufungwa 3–0, Katanga nzima iliangalia, na haikuwa kwa sababu kila nyumba ilikuwa na kioo kikubwa. Parseli kumi za kartie moja zikitoa kila moja kiasi kidogo, zinaweza kununua projekta moja ya kweli, kuitunza ndani ya sanduku lisilopita vumbi, na kuiwasha usiku wa mechi, wa matanga au wa mafundisho ya vijana. Ule ukuta wa sinema ambao nyumba moja inajivunja mgongo kuutafuta, kartie inaweza kuupata bila mtu kulala njaa.

Ndani ya saloni, kioo cha kati, chenye wati kidogo, kilichowashwa dukani kabla ya kulipwa. Nje, kwa siku kubwa, kioo cha wote. Na bahasha ya masomo isifunguliwe.